Kulipa bili ya kadi ya mkopo bila kuchelewa: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa wanaoanza

Maswali ni yale yale kila wiki. "Nimelipa siku ile ile ya mwisho mbona nimepigwa faini?" "Nimelipa kiwango cha chini walichoandika wenyewe, sasa hii riba imetoka wapi?" "Nililipa katikati ya mwezi, leo wananiambia mwezi huu sijalipa kitu?" Na ukiwahoji vizuri hawa watu, wengi wao hela walikuwa nayo, ilikuwa kwenye akaunti imetulia kabisa, kilichowaponza ni tarehe. Kwa hiyo mwongozo huu hauhusu namna ya kupata hela, unahusu namna ya kuhakikisha hela uliyonayo inafika kwenye kadi mapema. Soma mara moja mpaka mwisho halafu rudi uanze hatua ya 1 ukiwa na simu mkononi.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Stetimenti yako ya mwisho ya kadi (taarifa ya kila mwezi ya manunuzi na deni lako), iwe ya karatasi au ile inayotumwa kwa barua pepe au inayopakuliwa kwenye apu
- Kadi yenyewe
- Apu ya benki au intaneti benki ambayo umeshaingia na inafanya kazi (usisubiri siku ya kulipa ndio ugundue umesahau nywila)
- Akaunti utakayolipia, yenye hela ndani
- Kalenda ya simu
- Namba ya huduma kwa wateja, ile iliyoandikwa nyuma ya kadi, siyo uliyoikuta kwenye meseji

Hatua kwa hatua

1. Tafuta kiboksi cha muhtasari kwenye stetimenti. Mara nyingi kiko ukurasa wa kwanza, juu. Watu wengi wanakiruka wanakimbilia orodha ya manunuzi kuangalia nani kawakata nini, hiyo utaangalia baadaye. Kwenye kiboksi unatafuta vitu vinne tu: tarehe ya stetimenti (siku hesabu ya mwezi ilipofungwa), tarehe ya mwisho ya kulipa, deni lote la stetimenti, na kiwango cha chini cha kulipa. Viandike pembeni. Kama unatumia apu hakikisha namba unayoiona ni deni la stetimenti na siyo salio la sasa, maana apu nyingi zinaweka salio la sasa kwa maandishi makubwa juu kabisa na lile la stetimenti limefichwa chini kidogo. Salio la sasa lina mpaka vitu ulivyonunua jana, na hivyo zamu yake ya kulipwa bado.

2. Elewa tarehe mbili, ndio nadharia pekee utakayoipata hapa. Tuseme stetimenti yako inafungwa tarehe 5 na mwisho wa kulipa ni tarehe 28. Ukinunua kitu tarehe 4, kinaingia kwenye stetimenti ya kesho yake na unatakiwa ukilipie tarehe 28 ya mwezi huo huo, kama siku 24 hivi. Ukinunua tarehe 6, kinasubiri stetimenti ya mwezi unaofuata, na mwisho wa kulipa unakuwa tarehe 28 ya mwezi huo unaofuata, yaani siku hamsini na kitu. Kitu kile kile, kadi ile ile, tofauti ni siku mbili tu za kununua. Ndio maana ukiona tangazo la "mpaka siku 50 bila riba" neno la kuliangalia ni hilo "mpaka". Na hizo siku bila riba kwa kadi nyingi unazipata tu kama stetimenti iliyopita uliilipa yote, ukibakiza hata kidogo unaweza kukuta manunuzi mapya yanaanza kuhesabiwa riba tangu siku ya kununua.

3. Amua unalipa kiasi gani. Jibu fupi: deni lote la stetimenti. Siyo salio la sasa, hulazimiki, na siyo kiwango cha chini kama unaweza kukwepa.

Hapa kwenye kiwango cha chini tukae kidogo maana ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Kiwango cha chini kinakukinga na faini ya kuchelewa na kinaifanya akaunti yako isomeke kuwa imelipwa kwa wakati, basi. Riba hakiizuii. Chukua deni la 100,000, riba ya 3% kwa mwezi, na kiwango cha chini cha 5%. Unalipa 5,000 unajisikia umemaliza kazi, kumbe 3,000 ni riba ya mwezi huo na deni limepungua 2,000 tu. Mwezi ujao unarudi na deni la 98,000. Cheki asilimia za kadi yako kwenye stetimenti uweke kwenye hesabu hii hii, utaona mwenyewe. Kama mwezi umekubana lipa kiwango cha chini na uongeze chochote ulichonacho juu yake, hata kidogo, kwa sababu kile cha juu ndicho kinakwenda kula deni lenyewe.

4. Chagua njia ya kulipa. Zote zinafika ila mwendo wake haulingani.

Ya haraka kuliko zote ni kuhamisha kutoka akaunti yako kwenda kwenye kadi ndani ya benki ile ile, kupitia apu, mara nyingi inaingia siku hiyo hiyo na wakati mwingine dakika hiyo hiyo. Kama kadi ni ya benki moja na mshahara unaingia benki nyingine hesabu siku 1 mpaka 3 za kazi, na neno "za kazi" lina maana yake: ukituma Ijumaa jioni, Jumamosi na Jumapili huenda zisihesabiwe kabisa, ongeza na sikukuu kama ipo. Kulipa kwa pochi ya simu ni rahisi ila angalia kikomo cha muamala mmoja na makato, na usichukulie kwamba meseji ya "umefanikiwa" inamaanisha kadi imeshapokea, inamaanisha hela imetoka kwako. Kaunta ya benki bado ipo na ina faida moja, unatoka na risiti yenye mhuri. Hundi ndio ya mwisho kwenye orodha yangu, inabidi ifike halafu isubiri kupita, kama huna sababu maalum achana nayo.

5. Jiwekee tarehe yako ya mwisho, iwe kabla ya ya kwao. Tarehe iliyoandikwa kwenye stetimenti ni siku ambayo hela inatakiwa iwe *imeshaingia*, siyo siku ya wewe kubonyeza tuma. Na benki nyingi zina saa ya kufunga, ukilipa baada ya hapo muamala unaandikwa kesho yake hata kama kwenye simu yako bado ni leo. Rudi nyuma siku 5 za kazi kutoka tarehe yao, hapo ndipo mwisho wako. Ingiza kwenye kalenda alamu mbili: moja siku mbili baada ya stetimenti kutoka, ya kukukumbusha uisome, na nyingine kwenye tarehe yako ya mwisho. Iseti ijirudie kila mwezi. Ila kuna kadi ambazo tarehe ya kulipa inahama kidogo mwezi hadi mwezi kwa sababu wanahesabu siku kutoka stetimenti, kwa hiyo ile alamu ya kwanza ndio ya muhimu zaidi, ukifungua stetimenti unahakiki ya pili.

6. Seti malipo ya otomatiki. Kwenye apu tafuta sehemu ya malipo ya kadi, utapewa machaguo matatu kwa kawaida:

- Kiwango cha chini
- Kiasi maalum unachokitaja mwenyewe
- Deni lote la stetimenti

Kama kipato chako kinaingia tarehe inayoeleweka kila mwezi, weka deni lote na umalize. Kama kipato kinakuja kwa mafungu, leo kipo kesho hakipo, ningekushauri uweke kiwango cha chini kwenye otomatiki kama kinga halafu kilichobaki ulipe kwa mkono hela ikiingia. Kile kiasi maalum sikipendi. Mtu anaweka 10,000 kila mwezi anasahau, siku kiwango cha chini kikipanda kuwa 12,000 otomatiki inatuma 10,000 ile ile, na kwa benki umelipa pungufu, na pungufu kwao ni kama kuchelewa.

Angalizo: otomatiki uliyoiseti leo mara nyingi inaanza na stetimenti ijayo. Ya mwezi huu ilipe kwa mkono. Watu wananaswa sana hapa, wameseti wamefurahi wameweka simu chini, mwezi wa kwanza tu faini. Angalizo jingine, ukiwa na otomatiki na ukalipa pia kwa mkono, benki nyingine zinapunguza kile kinachokatwa na nyingine zinakata kama kilivyo, kwa hiyo unaweza kulipa mara mbili. Uliza yako inafanyaje kabla hujachanganya.

7. Lipa. Kwa wanaolipa kwa mkono, fungua sehemu ya kulipa kadi (siyo ya kutuma hela kwa mtu), ingiza namba ya kadi. Kadi nyingi zina tarakimu 16, zimepangwa nne nne, isome kutoka kwenye kadi yenyewe kwa sauti fungu moja moja huku unaandika. Ukikosea tarakimu moja mfumo kwa kawaida utakataa, maana tarakimu ya mwisho ipo kwa ajili ya kukagua zilizotangulia, ila ukiweka namba ya kadi yako ya *zamani* mfumo unaweza kuipokea vizuri tu kwa sababu ilikuwa namba halali. Kama benki ilikubadilishia kadi, iwe iliibiwa au muda wake uliisha, fungua orodha ya wapokeaji uliowahifadhi ufute ile ya zamani leo hii.

Kabla ya kuthibitisha tazama vitu vitatu: tarakimu 4 za mwisho, kiasi, na tarehe ya muamala. Baadhi ya apu zinakuwekea tarehe ya mbele bila kukuuliza, au zinakuletea kiwango cha chini kikiwa kimeshaandikwa kwenye sehemu ya kiasi, na wewe unabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Na kumbuka kulipa kadi hakuhitaji ile PIN ya kadi wala tarakimu 3 za nyuma umpe mtu. Meseji inayosema kadi itafungwa leo lipa kupitia linki hii, ifute, ingia kwenye apu kwa njia yako ya kawaida uangalie kama kweli kuna deni.

8. Hakikisha imeingia. Hii hatua ndio inarukwa kuliko zote. Piga picha ya skrini ya uthibitisho ikionyesha namba ya kumbukumbu ya muamala, halafu baada ya siku mbili tatu fungua kadi kwenye apu uone malipo yako yamo kwenye orodha na deni limeshuka. Ukiona bado imeandikwa inashughulikiwa, rudi kesho. Ndio maana tulirudi nyuma siku 5 pale juu, hata ikigoma bado una muda wa kulipa tena.

9. Kama tarehe haikufai, omba ihamishwe. Mshahara unaingia tarehe 30 na bili inataka tarehe 22, kila mwezi mnafukuzana, kwa nini? Piga simu au tafuta kwenye mipangilio ya apu, benki nyingi zinakubali kuhamisha tarehe. Mabadiliko yanaweza kuchukua stetimenti moja au mbili kuanza, kwa hiyo mpaka uone tarehe mpya imeandikwa kwenye stetimenti endelea na ya zamani.

Makosa yanayojirudia

La kwanza kabisa ni hili la kulipa kabla stetimenti haijatoka. Unalipa tarehe 2, stetimenti inafungwa tarehe 5, ikitoka inaonyesha bado kuna deni la manunuzi mengine na kiwango cha chini chake. Wewe unasema nilishalipa, benki inasema hujalipa, na kwa hesabu zao wako sahihi: hela ya tarehe 2 ilipunguza deni la stetimenti lakini haihesabiki kama malipo ya stetimenti ambayo ilikuwa haijazaliwa. Kulipa mapema siyo kubaya, kunasaidia hata kikomo cha kadi kisijae, ila stetimenti mpya ikitoka na kitu chochote cha kulipa lazima ulipe tena.

Kingine ni rifandi. Umerudisha bidhaa dukani wamerudisha hela kwenye kadi, deni limeshuka, ukaona mwezi huu umeshamalizika. Kwa benki nyingi rifandi haihesabiki kama malipo, kiwango cha chini kinakusubiri pale pale.

Kutoa hela taslimu kwenye ATM kwa kadi ya mkopo, hapo zile siku bila riba hazipo, riba inaanza siku ile ile na ada ya kutolea juu yake. Ukilipa stetimenti yote kwa wakati bado utaiona hiyo riba, usishangae.

Wenye kadi zenye deni la sarafu mbili wanasahau moja. Unalipa ya ndani unaacha ile ya fedha za kigeni, na ile ina kiwango chake cha chini na faini yake. Na hata kama kadi ni ya sarafu moja ya kigeni na unalipa kwa sarafu yako, kiwango cha kubadilishia kikihama kidogo siku hiyo unaweza kubakiza senti kadhaa za deni, kwa hiyo ongeza kidogo juu.

Wenye kadi tatu nne, omba zote zipewe tarehe moja au zinazokaribiana. Kukumbuka tarehe nne tofauti hakuna anayekuweza kwa muda mrefu.

Ikikwama

*Nimekumbuka leo na leo ndio mwisho.* Tumia njia ya haraka uliyonayo, ya ndani ya benki ile ile, na kama deni lote haliwezekani sasa hivi lipa kwanza kiwango cha chini kabla ya saa ya kufunga, kilichobaki kitafuata. Halafu piga simu uulize kama wameiona.

*Nimeshachelewa siku moja au mbili.* Lipa sasa, usisubiri mwezi ujao uunganishe. Ukishalipa piga simu uombe faini ifutwe. Ongea vizuri, sema umeshalipa na kwamba hujawahi kuchelewa (kama ni kweli), benki nyingi zina uhuru wa kufuta faini ya kwanza kwa mteja mwenye rekodi safi lakini hawatafanya hivyo usipoomba. Kuhusu historia yako ya mikopo, sehemu nyingine kuchelewa kunaripotiwa kukifika siku 30, sehemu nyingine mapema zaidi, ila riba na faini zenyewe hazisubiri ripoti.

*Hela imetoka kwangu lakini kwenye kadi haionekani.* Subiri siku 3 za kazi, zikipita anza na benki iliyotuma, siyo iliyotoa kadi. Wao ndio wanaweza kufuatilia kwa ile namba ya kumbukumbu. Kama tarehe ya mwisho inakaribia wakati mnafuatilia, na una uwezo, lipa kiwango cha chini tena kwa njia nyingine, ile ya kwanza ikitokea itabaki kama akiba kwenye kadi yako.

*Otomatiki imegoma.* Sababu ya kawaida ni hela haikutosha kwenye akaunti siku ya kukata, na hapo unaweza kupigwa mara mbili, ada ya malipo kurudi na faini ya kuchelewa. Lipa kwa mkono siku hiyo hiyo halafu uangalie kama otomatiki yenyewe bado ipo, maana ikirudi baadhi ya benki zinaizima kabisa bila kelele.

*Nimelipa deni lote mwezi uliopita na bado kuna riba kidogo.* Kama mwezi wa nyuma yake ulibakiza deni, hiyo ni riba ya zile siku kati ya stetimenti kufungwa na malipo yako kuingia. Ilipe, endelea kulipa yote, itapotea baada ya stetimenti moja au mbili. Isipopotea uliza.

*Nimelipa zaidi.* Salio litaonekana na alama ya kutoa au limeandikwa kuwa wewe ndiye unayeidai benki, litakatwa kwenye manunuzi yajayo. Kama ni kubwa omba lirudishwe kwenye akaunti.

*Kuna muamala siutambui kwenye stetimenti.* Usigome kulipa bili nzima kwa hasira. Ripoti muamala huo mara moja kwa maandishi, uliza kama kiasi hicho kinaweza kusimamishwa wakati wanachunguza, na kilichobaki kilipe kwa tarehe yake.

*Sina hata kiwango cha chini.* Piga simu kabla ya tarehe ya mwisho, siyo baada. Waambie kiasi unachoweza na lini, uliza wana mpango gani, kupunguza riba kwa muda, kugawanya deni kwa mafungu, kusogeza malipo. Kadi iache nyumbani kipindi hicho. Wakikubali kitu andika tarehe, jina la aliyekuhudumia na kiasi mlichokubaliana, na uombe wakutumie kwa barua pepe kabla hujakata simu, kwa sababu mwezi ujao atapokea mtu mwingine na yeye atasoma kilichoandikwa kwenye mfumo tu.